Masikio Nayo Yanahitaji Injili

Katika sharika zetu kuna sentensi tatu zinazoweza kumaliza kikao cha kamati ya muziki kabla hakijafunguliwa kwa sala. Ya kwanza: "Huo si wimbo wa Kilutheri." Ya pili: "Hizo ni ngoma za kishamba." Ya tatu, inayopendwa na vijana: "Wenzetu hawaimbi hivyo tena." Kila msemaji huamini kwamba anatetea jambo kubwa. Wa kwanza anatetea imani, wa pili heshima ya nyumba ya Mungu, wa tatu uhai wa kanisa la kesho.

Nasema kwamba mara nyingi wote watatu wanatetea kitu kimoja, nacho hakimhusu Mungu hata kidogo. Wanatetea nafasi yao machoni pa watu. Kile tunachokiita ladha ya muziki, ambacho kila mmoja wetu hudhani amezaliwa nacho, kimefinyangwa kwa sehemu kubwa na hofu mbili: hofu ya kuhesabiwa pamoja na watu wa rangi, kabila au tabaka linalodharauliwa, na hofu ya kuachwa nyuma na rika letu. Hofu hizo ni za kibinadamu na Mungu anaweza kutuvumilia nazo. Lakini kanisa linapozipa hofu hizo jina la utakatifu, na kumnyamazisha ndugu kwa jina hilo, linatenda dhambi.

Najua neno hilo ni zito. Acha nilitetee.

Tuanze na rika. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha jaribio la watafiti watatu wa Marekani: Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts. Waliweka kwenye intaneti nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana, wakapata wasikilizaji zaidi ya 14,000. Baadhi yao walisikiliza na kuchagua bila kujua wengine wamependa nini. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane, na ndani ya kila kundi mtu aliona kila wimbo umechukuliwa mara ngapi na watu wa kundi lake. Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini matokeo yalitofautiana ajabu. Wimbo mmoja ulioshika nafasi ya 26 kwa wale waliosikiliza peke yao ulikuwa wa kwanza katika kundi moja, na wa 40 katika kundi jingine. Ni kweli kwamba nyimbo bora kabisa hazikuanguka mpaka mwisho, wala zile mbovu kabisa hazikupanda mpaka juu, ubora upo. Lakini hapo katikati, ambapo nyimbo nyingi huishi, watu walipenda walichoona wenzao wamependa, na kila mmoja aliondoka akidhani amejichagulia mwenyewe.

Kijana anayechagua wimbo wa kwaya kwa kutazama umetazamwa na watu wangapi mtandaoni yuko ndani ya jaribio hilo. Mzee anayesema wimbo fulani "una upako" kwa sababu kizazi chake chote kiliuimba kipaimara naye yumo. Tofauti yao ni kundi waliloangukia.

Sasa rangi. Mwaka 1920, huko New York, mwimbaji mweusi Mamie Smith alirekodi wimbo wa blues, na santuri yake ikauzwa kwa wingi. Kampuni za santuri zikagundua kwamba watu weusi wananunua muziki, zikaanzisha orodha maalumu kwa ajili yao, zikaziita waziwazi santuri za "race", yaani za watu wa rangi. Wazungu wa mashambani wakawekewa orodha yao. Wanamuziki wenyewe walikuwa wakisikilizana na kuibiana sauti kwa miaka mingi. Hata banjo, ambayo leo watu huiona kama chombo cha mzungu wa kijijini, asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani. Lakini rafu za duka zilitenganisha kile ambacho masikio yalikuwa yameunganisha. Jina hilo la "race" lilidumu katika orodha za gazeti la Billboard mpaka mwaka 1949. Mtoto aliyekulia katika miaka hiyo alijifunza kabla ya kujua kusoma kwamba kuna muziki wa watu kama yeye na kuna muziki wa wale wengine, na kwamba kuupenda wa wengine ni aibu au usaliti.

Aibu hiyo iliwaingia hata waliodharauliwa. Wanafunzi wa chuo cha Fisk, kule Nashville, walipoanza safari za kuimba mwaka 1871 ili kukiokoa chuo chao na madeni, walianza na nyimbo za Kizungu. Nyimbo za wazazi wao, zile walizoziimba watumwa wakimlilia Mungu, waliziimba faraghani. Ziliwakumbusha minyororo, na wao walikuwa wasomi. Wasikilizaji walipozisikia, ndizo zilizowagusa. Ndani ya miaka miwili vijana wale walikuwa wakiziimba mbele ya Malkia Victoria. Nyimbo ambazo zimelisha imani ya Wakristo duniani kote zilikuwa karibu kufichwa na watoto wa wale waliozitunga, kwa sababu ya jinsi zingewafanya waonekane.

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Marekani, yametuhusu nini sisi Waluteri wa Tanzania? Basi tuje kwenye harusi zetu, kisha twende Leipzig.

Katika harusi nyingi za mjini bibi arusi huingia kanisani kwa sauti ambayo kila mtu anaijua, na maarusi hutoka kwa nyingine inayojulikana vilevile. Wengi huamini kwamba sauti hizo ndizo "za kanisa", na kwamba harusi isiyo nazo imepungukiwa. Ya kuingia ni ya Richard Wagner, kutoka opera ya Lohengrin iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1850. Ndani ya opera hiyo ndoa inavunjika usiku uleule. Ya kutoka ni ya Felix Mendelssohn, aliyeitunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Zote mbili ni muziki wa jukwaa la burudani. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya ibada.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 1850, Wagner, akijificha nyuma ya jina la bandia, alichapisha makala ya kudai kwamba Myahudi hawezi kamwe kutunga muziki unaogusa moyo, kwa sababu ya damu yake. Mfano wake mkubwa ulikuwa Mendelssohn. Mendelssohn alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa akiwa mtoto mwaka 1816. Ndiye aliyeirudisha duniani Passio ya Mathayo ya Bach, alipoiongoza Berlin mwaka 1829 akiwa na miaka 20. Ndiye aliyeishi na kufanya kazi Leipzig, mji wa Bach. Ubatizo wake, kazi yake na muziki wake havikumsaidia kitu machoni pa mtu aliyekwisha kuamua kusikia kwa kutazama ukoo.

Mbegu hiyo ilizaa. Novemba 1936 sanamu ya Mendelssohn iliyosimama Leipzig mbele ya ukumbi wa tamasha iliondolewa usiku, kwa kuwa alikuwa Myahudi. Muziki wake ukapigwa marufuku. Na kanisa? Sehemu ya kanisa la Kiinjili la Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1939 ilifunguliwa taasisi huko Eisenach, mji ambamo Luther alitafsiri Agano Jipya, kwa kusudi la kuondoa kila kilicho cha Kiyahudi katika maisha ya kanisa. Mwaka 1941 ilitoa kitabu cha nyimbo kilichosafishwa maneno kama Sayuni, Hosana na Haleluya. Fikiri, ndugu msomaji: Waluteri, wajukuu wa Matengenezo, wakilifuta neno Haleluya ili wafanane na wenzao.

Mji wa Leipzig ndio uliotuma wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Sitaji hili ili kuwahukumu wamisionari wale. Walikuja miaka mingi kabla ya hayo. Nalitaja ili tusidhani kwamba muziki "wa Kilutheri" ulitufikia kutoka nchi ambayo masikio yake yalikuwa hayana rangi.

Nao walipofika, wengi walikataza ngoma. Haki itendeke: hawakupigana na hewa. Ngoma nyingine zilifungamana na matambiko, nyingine na jando na unyago, nyingine na pombe na yale yafuatayo pombe usiku. Wakristo wa kwanza wa kwetu mara nyingi walizikataa kwa ukali kuliko wamisionari wenyewe, na mtu aliyetoka ndani ya jambo ana haki ya kuliogopa. Sibishani na wazee hao. Nabishana na mizani tuliyoirithi, kwa maana Mithali 20:10 inatuambia Bwana anachukia mizani ya namna mbili.

Itazameni mizani hiyo. Wimbo wetu wa Ijumaa Kuu, ule wa kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha, sauti yake ilitungwa na Hans Leo Hassler, ikachapishwa mwaka 1601 kama wimbo wa kijana aliyevurugwa na mapenzi ya msichana. Luther alipowaandikia watoto wimbo wa Krismasi wa malaika anayeshuka kutoka mbinguni, aliuchapisha mwaka 1535 kwa sauti ya wimbo wa mitaani. Miaka michache baadaye ndipo ukapata sauti yake wenyewe. Usiku Mtakatifu, ambao tunauimba huku taa zimezimwa na machozi yanatulenga, uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, kwa gitaa, chombo ambacho miaka mingi baadaye vijana wengi wa Kitanzania waliambiwa kwamba ni cha baa. Wimbo wa mapenzi wa Kijerumani ulibatizwa ukapewa kiti cha mbele. Wimbo wa mavuno wa Kisukuma na zeze la Mgogo viliachwa mlangoni kama mpagani asiyeweza kuongoka.

Kule Kilimanjaro tuna matarumbeta. Yalitoka Ujerumani, ambako vikundi vya tarumbeta vya kanisa ni desturi ya zamani, na leo ni yetu kabisa. Mazishi na harusi havijakamilika bila hayo. Sisemi yaondolewe. Nauliza tu kwa nini shaba iliweza kuwa ya Kikristo na ngozi ya ng'ombe haikuweza. Kama jibu ni kwamba ngoma ilitumika katika matambiko, tarumbeta ilitumika vitani. Kama jibu ni kwamba ngoma inawatikisa watu miili, Zaburi ya 150 inataja matari na kucheza pamoja na tarumbeta na vinubi, bila kuomba radhi. Jibu lililobaki ni lile tusilopenda kulitamka: kimoja kilishikwa na mzungu, kingine kilishikwa na babu.

Maandiko yanaijua dhambi hii kwa jina la mtu. Katika Wagalatia 2, Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa bila wasiwasi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga, kwa kuwaogopa. Imani yake haikuwa imebadilika kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Waliobadilika ni waliokuwa wakimtazama. Hata Barnaba, mtu mwema, alichukuliwa na mkumbo. Yote mawili yamo humo, ukoo na rika. Paulo hakuliita jambo la ladha ya chakula. Alimpinga Petro mbele ya watu wote, akisema kwamba hawaendi sawasawa na kweli ya Injili.

Yumo pia Mikali, binti Sauli, katika 2 Samweli 6. Daudi alipocheza mbele ya sanduku la Bwana, Mikali alimdharau moyoni. Soma vizuri malalamiko yake. Hakusema kwamba Mungu amechukizwa. Alisema kwamba mfalme amejishushia heshima mbele ya vijakazi. Kilichomuuma kilikuwa tabaka. Sharika zetu zina Mikali wengi, wa kike na wa kiume, na wengine wamevaa kola kama mimi.

Lakini sitawaacha wale wa upande wa pili wapige makofi. Kuna wanaosema: Mwafrika halisi ni wa ngoma, na anayependa Bach ni mtumwa wa wakoloni. Hunukuu methali, "Mwacha mila ni mtumwa." Mimi nawauliza, ni nani aliyemfundisha mtu kwamba rangi ya ngozi inajua masikio yatapenda nini? Hiyo ndiyo hoja ya Wagner, imegeuzwa nje ndani. Binti wa Mbeya anayesikia sauti nne za Bach na kuguswa mpaka magoti hajamsaliti bibi yake. Kijana wa Mwanza anayemsifu Mungu kwa mdundo wa Afrika Kusini aliouokota kwenye simu hajamsaliti mtu pia, mradi anajua anachokiimba. Wageni nao hutukosea hapo: huja kutazama ibada yetu wakitaka tupige ngoma na kurukaruka, na wakitukuta na kitabu cha nyimbo hunung'unika kwamba "hatuko halisi". Hatukuitwa kuwa halisi kwa ajili ya macho ya wageni. Tuliitwa kumwabudu Mungu katika roho na kweli.

Wala vijana wasidhani nawatetea wao tu. Kijana anayekataa nyimbo za Mwimbieni Bwana kwa kuwa "ni za wazee" hajamshinda mzee anayekataa gitaa kwa kuwa "ni la wahuni". Wamebeba mzigo uleule kwa mabega tofauti. Tena, wimbo ambao wewe unauita mzito na wa kuchosha, yupo mjane katika benchi la tatu aliyemzikia mume wake kwa wimbo huo. Mwulize kwanza.

Sisi Waluteri tungepaswa kuwa watu huru kuliko wote katika jambo hili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 7, linasema kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kupatana katika mafundisho ya Injili na utumishi wa sakramenti. Si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Fomula ya Konkodia ya mwaka 1577, ibara ya 10, inaongeza kwamba mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala kuyakataza yakilazimishwa kana kwamba ni ya lazima, tuyapinge, kwa kuwa hapo Injili yenyewe imeguswa. Na mwaka 1996, Nairobi, Fungamano la Kilutheri la Dunia lilitoa tamko kuhusu ibada na utamaduni: ibada ina yaliyo ya Kanisa la mahali pote, ina yaliyo ya mahali petu, inapinga mabaya ya kila utamaduni, na inapokea zawadi za tamaduni za wengine. Yote manne kwa pamoja. Anayeshika moja tu anashika robo.

Basi wimbo upimwe kwa nini? Kwanza, kwa maneno yake: je, unamhubiri Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, au unatuahidi gari na ushindi juu ya jirani? Kipimo hiki kitaziondoa nyimbo nyingi za kisasa, na baadhi ya zile za kale. Pili, je, kusanyiko linaweza kuuimba, au linabaki watazamaji wa waimbaji wachache? Tatu, na hiki tumekisahau kabisa: katika kusanyiko hili, ni kilio cha nani ambacho hakijapata sauti? Mtu asiyeruhusiwa kumlilia Mungu kwa sauti ya kwao atajifunza kuwa na miungu miwili: mmoja wa Jumapili, anayesikia kinanda tu, na mwingine wa usiku wa msiba, anayesikia yote. Hapa ndipo hatari ilipo. Ushirikina tunaoukemea mimbarani mara nyingine unakaa katika chumba ambacho sisi wenyewe tulikataa kukifungulia mlango.

Sisemi hayo hayawezekani. Yamekwisha kutendeka kwetu. Katika miaka ya 1960, katika Chuo cha Theolojia Makumira, mmisionari Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake kuleta sauti za makwao na kuziandikia maneno ya imani, naye akazikusanya katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Miongoni mwa waandishi wa nyimbo hizo alikuwamo Bernard Kyamanywa, aliyeandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya asili ya kwetu. Leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutolewa mwaka 1993, namba 116. Katika nchi ile ambako mwaka 1941 watu wa kanisa walilifuta neno Haleluya kwa sababu ya rangi, watoto na wazee wanaliimba Pasaka, kwa sauti waliyopewa na Waafrika. Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Huyu alicheza kwao, akatunzwa mpaka ng'ambo, na bado zipo sharika za kwetu ambako sauti kama ile ingehitaji kibali cha kikao.

Wachungaji wenzangu, wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya: tuache kuwaogopa watu wa kutoka kwa Yakobo. Yohana aliona katika Ufunuo 7 mkutano mkubwa mbele ya kiti cha enzi, watu wa kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Aliwatambua kwa lugha na makabila yao hata huko. Hakuna aliyeambiwa aiache sauti yake langoni, na hakuna aliyekuwa akimwangalia jirani ili ajue aimbe nini. Wote walimtazama Mwana-Kondoo.